Mshono wa kwanza uliniota nyama, na sasa nakaribia kupasuliwa tena

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa kwenye cherehani, umeme umekatika na wateja wameshaondoka. Nina miaka 31, ni fundi wa nguo za kike huku Nkuhungu, Dodoma. Nina mtoto wa kiume niliyejifungua kwa upasuaji mwaka 2021, na sasa nina mimba ya miezi saba, natarajia mwezi wa saba. Kliniki wameniambia nijiandae, huenda nikapasuliwa tena.

Mara ya kwanza walinichana chini ya tumbo, mkato wa kulala. Siku ya nane upande wa kulia ukaanza kutoa usaha, nikawa naenda kusafishwa kidonda karibu mwezi mzima. Ukafunga, nikashukuru Mungu. Mtoto alipofikisha miezi mitatu nikaanza kuwashwa, hasa usiku, mwasho wa ndani kwa ndani ambao ukikuna huufikii. Halafu kovu likaanza kupanda. Leo ukiligusa ni gumu kama kamba ya katani, linang'aa, na ule upande uliotunga usaha limevuka mstari na kutoa kama vidole viwili pembeni. Tangu mimba hii ifike mwezi wa tano naona limezidi kunenepa, na linachoma kama mtu ananidunga na sindano ya mashine.

Na si tumboni tu. Sikio la kushoto nina kinundu kama punje ya zabibu. Nilitoboa tundu la pili nilipomaliza kidato cha nne, kikaota. Mtu mmoja sokoni akanipaka dawa ya kuchoma, kikadondoka, kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza. Mama yangu naye anacho kimoja kifuani. Tulipokuwa wadogo tulikiita kifungo cha mama.

Sasa kila mtu ana neno lake. Shangazi yangu wa Mpwapwa, ambaye ndiye atakuja kunilea uzazi, anasema nyama iliota kwa sababu sikukandwa maji ya moto sawasawa na nilikula maharage na mayai mapema. Ameapa safari hii atanikanda mwenyewe siku arobaini na kunifunga mkaja tangu siku ya kwanza. Rafiki yangu anauza krimu ya kwenye kichupa kisicho na jina, anadai nikianza kuipaka mshono ukiwa mbichi haitabaki hata alama. Nesi mmoja nilipomuuliza alinijibu, "Ngozi yako ndiyo ilivyo, utafanyaje?" Mume wangu hasemi kitu, ila mimi mwenyewe siku hizi nazima taa kabla sijavua gauni.

Mama, je, kweli hakuna la kufanya? Wakinipasua, wanaweza kuliondoa hili la zamani hapo hapo? Na shangazi nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? Amenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Bima sina, nguvu yangu ni hii mashine.

Fundi wa Nkuhungu

—

Marahaba mwanangu, na mbukwa.

Nianze na huyo nesi, maana nami nilikuwa nesi, wodi ya upasuaji, miaka ishirini na kitu. Jibu lake silipendi, ila siwezi kumrushia jiwe. Miaka hiyo alikuja dada mmoja tuliyemfanyia upasuaji, mshono umeanza kupanda na kumwasha, nikamwambia kwa uhakika kabisa, "Litakwisha lenyewe, mwaka haupiti." Akaniamini akaenda zake. Baada ya miaka miwili nikakutana naye sokoni Majengo, akanivuta nyuma ya kibanda cha vitunguu akafunua kitenge kidogo. Kovu lilikuwa pana kama mkanda wa shule. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Nesi, ule mwaka bado haujapita?"

Kosa langu lilikuwa kuchanganya makovu mawili. Liko kovu nene la kawaida: huanza mapema, wiki chache baada ya mshono, huvimba na kuwa gumu lakini halitoki nje ya mstari wa kisu, na mara nyingi hutulia lenyewe kadiri miezi inavyokwenda, hata likichukua mwaka na zaidi. Hilo ndilo nililomwambia. Na iko keloidi. Hii huweza kukaa kimya miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, halafu ndipo inaanza kuwasha, kupanda, na kuvuka mpaka wa kidonda kuingia kwenye ngozi isiyokatwa. Keloidi haina tabia ya kujiondokea. Jina lake lenyewe lilitolewa na daktari wa Ufaransa, Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa sababu ya hivyo vidole unavyovitaja wewe. Kwa maelezo yako, upande wa kulia wa mshono wako ni keloidi, na sikioni ni keloidi bila ubishi. Upande wa kushoto huenda ni kovu nene tu. Daktari atakayelishika kwa mkono ndiye mwenye neno la mwisho.

Si saratani, haiambukizi, na hakuna jirani aliyekurogea mshono. Ngozi ikikatwa, mwili huleta nyuzi za kushikiza, zinaitwa kolajeni. Kwa watu wengi kazi ikiisha mafundi huondoka. Kwa mwenye keloidi mafundi hawapewi taarifa kwamba kazi imeisha, wanaendelea kushona juu ya mshono. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapatwa zaidi, ukoo nao unachangia, na ndiyo maana kifungo cha mama yako kina maana hapa. Hupenda umri wa ujana, kuanzia miaka 10 hadi 30 hivi, na ina sehemu inazozipenda: ndewe za masikio, kifuani katikati, mabegani, taya, mgongo wa juu. Ujauzito nao huichochea, kwa hiyo hujaota ndoto kuona limenenepa tangu mwezi wa tano.

Ila ngozi ya kurithi ni kuni tu. Moto huwashwa na vitu, na viwili kati ya hivyo vinashikika: kidonda kilichochafuka au kuchelewa kufunga, na mshono unaovutwa. Angalia mwili wako mwenyewe unavyotoa ushahidi. Kisu kilikuwa kimoja, ngozi ni moja, lakini vidole vimetoka upande uliotunga usaha.

Kuhusu kuvutwa, wewe ni fundi, hili utalielewa kuliko mimi. Mteja akikuletea gauni linalombana ukalishona hivyo hivyo, ni wapi panachanika kwanza? Ni kwenye mshono, kwa sababu uzi ndio umebeba mzigo wote. Fundi wa koti anayejijua huuacha mzigo ubebwe na bitana na kanvasi ndani, uzi wa juu ukae umetulia, kazi yake iwe kukutanisha kingo tu. Daktari naye hufanya vivyo hivyo. Akishona vizuri tabaka za chini, ngozi ya juu haivutani. Na baada ya hapo, miezi mitatu mizima, kazi ya kuzuia mshono usivutwe inahamia kwako.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: lipo la kufanya, tena lipo jingi, na kubwa kuliko yote hufanyika kabla ya kisu, nalo ni bure. Nalo ni kusema. Wengi huingia chumba cha upasuaji kitenge kimefunika kovu na kilemba kimefunika sikio, daktari hajui lolote. Kliniki ijayo, kabla hujapanda kitandani kupimwa, sema hivi: "Daktari, mimi ni mtu wa keloidi. Nina moja sikioni, mama yangu anayo, na mshono wangu wa kwanza ulitunga usaha siku ya nane na ukaota nyama. Naomba iandikwe kwenye kadi." Fungua kilemba, onyesha sikio. Usiondoke mpaka uone kalamu imeandika. Atakayekupasua huenda asiwe huyo unayeongea naye, lakini kadi ataisoma.

Muulize pia kama lazima upasuliwe. Kuna akina mama waliopasuliwa mara moja ambao huweza kuzaa kwa njia ya kawaida mara ya pili, inategemea sababu ya upasuaji wa kwanza, jinsi tumbo la uzazi lilivyokatwa, na mtoto alivyokaa. Hiyo hujaribiwa kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari, si nyumbani na si zahanati. Akikuambia lazima kisu, mwanangu, usibishane kwa ajili ya kovu. Kovu tunaweza kulishughulikia.

Usijinyoe kwa wembe. Najua akina mama wengi hujinyoa usiku wa kuamkia hospitali, kwa aibu na kwa usafi. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na wadudu huingilia humo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016 limesema wazi nywele zisinyolewe kwa wembe. Zikibidi kupunguzwa, hospitali itumie mashine ya kupunguzia. Wewe oga kwa sabuni usiku na asubuhi, basi. Mwongozo huo huo unataka sindano ya kuzuia maambukizi itolewe kabla ya kukatwa, hivyo si vibaya kuuliza kwa upole, "Nimeshapata sindano ya kuzuia usaha?" Hakikisha pia umepimwa sukari na wingi wa damu kabla ya siku hiyo. Sukari ikiwa juu, kidonda kinachelewa.

Sasa hilo la zamani. Ndiyo, madaktari wengi wakirudia mkato pale pale huliondoa kovu la zamani wanapopita, na unaweza kuliomba. Lakini sikia na upande wa pili kabla hujafurahi. Keloidi ikikatwa tu ikaachwa, bila matibabu mengine kuifuata, hurudi kwa wagonjwa 45 hadi wote 100 kati ya kila 100, kutegemea nani amehesabu na ni sehemu gani ya mwili. Na ikirudi hurudi na hasira, kama hiyo ya sikioni iliyochomwa. Kwa hiyo usiombe likatwe kisha ukaenda nyumbani kupumzika. Omba likatwe na mpangilio wa baada uwe umeshaandikwa.

Mpangilio wenyewe nitauanza na kitu cha bei ndogo, maana umesema nguvu yako ni mashine. Kinaitwa plasta ya karatasi, ile nyeupe nyembamba isiyo na dawa yoyote, inayotumika kubandikia bandeji. Mwaka 2005 madaktari wa Australia walichapisha jaribio walilofanya kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji kama wewe. Wengine walibandika plasta hiyo juu ya mshono kwa wiki 12, wengine hawakubandika. Waliobandika walipata makovu madogo zaidi. Haina uchawi. Inashika ngozi ya pande mbili isivutane unapoinuka, unapokohoa, unapomgeuza mtoto. Ni kama kubandika utepe juu ya mshono wa kitambaa chepesi usifumuke.

Subiri mpaka kidonda kimefunga kabisa, hakuna kigaga kilicholegea wala majimaji, kwa kawaida kama wiki ya pili au ya tatu. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kugusisha kitambaa, usisugue. Bandika plasta kwa urefu juu ya mstari wote, ipite kidogo ncha zote mbili. Iache hapo siku kadhaa, hata ukioga, mpaka ianze kuachia yenyewe, ndipo ubadilishe. Unapoitoa ilowanishe na uivute taratibu ukiwa umeishika ngozi, usiikwanyue kama stika. Ukiona malengelenge au upele chini yake, pumzika siku chache, ukirudi tena basi hiyo si yako. Hesabu wiki 12. Wewe wa mwezi wa saba utamaliza mwezi wa kumi au wa kumi na moja.

Hatua inayofuata ukiweza ni silikoni, iwe plasta laini kama mpira au jeli ya kupaka. Hii hutumika kwa makovu tangu miaka ya 1980, ikianzia kwa watu walioungua. Inalifunika kovu lisikauke, na kovu lisilokauka hutulia. Huvaliwa angalau saa 12 kwa siku, miezi miwili au mitatu bila kukatisha. Ya plasta unaweza kuiosha kwa sabuni na kuirudisha, kipande kimoja kikakutumikia muda mrefu. Ushahidi wake si wa chuma, nisikudanganye, lakini haina madhara makubwa na mama anayenyonyesha anaitumia. Shida utakayoipata ni jasho. Julai na Agosti Dodoma ni upepo na vumbi, hutahisi kitu, ila likija joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja utatamani kuitupa. Anza na saa chache, ongeza, na mchana wa jua kali ivue, uivae usiku. Usinunue vyote viwili kwa mpigo. Kama hela ni ya kimoja, chukua plasta ya karatasi.

Cha tatu ni sindano, na hapa ndipo wengi wanapochelewa. Dawa inaitwa triamsinoloni, ni ya jamii ya steroidi, huchomwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Inauma, sitakuficha, kovu gumu halipokei sindano kwa hiari. Huweza kuacha ngozi imekuwa nyeupe kidogo pale ilipochomwa, au imebonyea, na baadhi ya wanawake hedhi huvurugika kwa muda. Lakini ndiyo dawa inayotegemewa zaidi, na inafanya kazi vizuri kovu likiwa changa. Kwa mtu mwenye historia yako daktari anaweza kuipanga mapema, hata wiki chache tu baada ya kidonda kufunga, asingoje lipande. Kwa sasa ukiwa mjamzito subiri. Ukijifungua, mwambie unanyonyesha.

Chukua kalenda yako ya ukutani ya kuandikia tarehe za wateja. Weka alama mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa sita baada ya upasuaji. Siku hizo lala chali mchana penye mwanga, pitisha kidole kwenye mshono wote. Mwasho mpya, kuchoma, sehemu iliyopanda kama punje ya mchele: ukiona kimoja tu kati ya hivyo, nenda wiki hiyo hiyo, usisubiri kufika kwenye kamba ya katani. Hapo mjini anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, waulize kliniki ya ngozi au daktari wa upasuaji. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwenda Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu. Wenye keloidi sugu kuna wanaofanyiwa hata tiba ya mionzi mara tu baada ya kukatwa, ila hiyo ni safari ya mbali na si ya mama aliye na kichanga. Tuiache.

Krimu ya rafiki yako. Kitu kisicho na jina hakipakwi kwenye kidonda kibichi, hata kama aliyekuuzia ni dada yako wa damu. Vichupa vya aina hiyo mara nyingi ni mkorogo: vimo steroidi kali zinazodhoofisha ngozi na kuchelewesha kidonda kufunga, na vingine vina haidrokwinoni au zebaki, ambazo kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini kwetu. Usichanganye na steroidi ya sindano niliyoisema. Ile inapimwa, inaingia ndani ya kovu, na kuna mtu anayeifuatilia. Vitamini E na mafuta ya kitunguu yanayosifiwa sana, ushahidi wake ni hafifu, na vitamini E baadhi ya watu huwatoa upele. Hiyo hela nunulia plasta.

Maharage na mayai hayakuotesha nyama. Kidonda kinajengwa kwa protini, na wewe baada ya kujifungua utakuwa unajenga mshono na maziwa kwa wakati mmoja. Kula mayai, kula maharage, kula karanga na mlenda wako, uji wa uwele unywe mpaka ushibe.

Ndoo ya maji ya lita 20 usiiguse wiki sita. Nakwambia hili nikijua mgao wa maji ulivyo, kwamba yakitoka usiku wa manane kila mtu anakimbilia madumu. Usinyanyue kizito kuliko kichanga chako. Cherehani ya kukanyaga nayo iache mpaka wiki sita zipite, maana ukiinama kusukuma kitambaa unakunja mshono, ukinyooka unauvuta, na wewe hufanya hivyo mara mia kwa siku. Anza na kazi za mkono: kutia vifungo, kupiga pindo. Chupi ivaliwe ya pamba, mpira wake upite juu kabisa ya mshono, usikae juu yake. Na ukipata homa, usaha, harufu, wekundu unaosambaa au mshono ukiachia hata sentimita moja, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyo.

Sikio lingoje. Usilichome, usilifunge uzi, usilipeleke sokoni tena. Mtoto akishakua kidogo, la sikio ni miongoni mwa yanayotibika vizuri: hukatwa, huchomwa sindano, kisha huvaliwa kibanio maalumu cha kulibana kwa miezi. Na ukienda uzazi wa mpango ukapendezwa na vijiti, mwambie nesi habari za keloidi kabla hajakuchanja mkono, mjadiliane njia nyingine. Matundu mapya ya hereni usitoboe, na binti yeyote wa ukoo wenu, mfikirie mara mbili kabla hajatobolewa.

Kuhusu taa nitasema moja tu, maana hukuniuliza. Mume anayenyamaza mara nyingi hajui aseme nini. Siku moja kabla hujaizima, chukua mkono wake uuweke pale, umwambie linapouma na linapowasha. Miezi mitatu ya plasta ni mingi kuibeba peke yako gizani.

Nimemwacha shangazi mwisho kwa sababu yeye ndiye mgumu.

Kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono wa upasuaji hapana. Nimeona wodini tumbo lililobabuka, nimeona mshono uliolowa ukafumuka. Tumbo la aliyezaa kwa njia ya kawaida ni jambo jingine, na wazee wetu walianza kukanda kabla visu havijaingia. Mkaja nao wa siku ya kwanza, kanga iliyokazwa kwa nguvu juu ya kidonda kibichi chenye joto, hapana. Lakini usimwambie mkaja ni ujinga, kwa sababu si ujinga. Mgandamizo wa kudumu ni tiba halisi ya makovu. Walioungua huvalishwa nguo za kubana kwa miezi kwa ajili hiyo hiyo. Kwa tumbo haufanyi kazi sana, maana chini yake hakuna mfupa wa kukinza, ila baada ya wiki sita, kidonda kimefunga na daktari amekubali, shangazi akufunge mkaja wake kwa kiasi, juu ya plasta. Hatapoteza heshima, atakuwa amesogezewa tarehe.

Na usimwambie wewe. Mwalike kliniki. Mpigie sasa, mwambie, "Shangazi, njoo mapema, nataka tuende wote daktari aniambie mbele yako." Mtu mzima aliyeambiwa na daktari uso kwa uso hana deni la kushindwa na mtoto aliyemlea. Akishafika, mpe maji ya uvuguvugu akukande mgongo na miguu, sehemu ambazo zitakuwa zimechoka kweli. Kisha mpe kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeweza kuifanya. Wiki za mwanzo tumbo litakuwa bado limelegea na kufunika mshono, hutauona hata ukiinamisha shingo vipi. Kila asubuhi, mikono ikiwa imenawa kwa sabuni, yeye aangalie chini pale na kukuambia: pamekauka, pana unyevu, pana wekundu. Hasa upande wa kulia.